Nani Kamwambia Mama wa Chai?

Dada mtu aliingia jikoni kwa wifi yake bila hodi.

"Umemwambia nani kuwa mdogo wetu ana virusi vya Ukimwi?"

Mwiko ulimponyoka wifi. Alikuwa mke wa kaka yao mkubwa, na mfagizi wa kliniki ileile mdogo mtu alikochukulia dawa. Nani mwingine angeijua siri?

"Mimi? Haki ya Mungu, sijamwambia mtu!" Uso ulimshuka, akatafuta kigoda akakaa. Dada mtu aliuona ule mshtuko, akajua hakukosea mlango.

"Basi ukome. Likisikika tena karakanani, utanitambua."

Hasira zake zilikuwa na sababu. Mdogo wake, fundi wa kuchomelea, alimwambia yeye peke yake, tena kwa sharti: "Watu wakijua, dawa naacha na kliniki sirudi." Na jana aliwakuta wenzake karakanani wakinong'ona, wakanyamaza alipoingia. 

Daktari alikuwa amewaeleza wote wawili, dada na mdogo wake. Mwili una askari wake, chembe nyeupe za damu. Kuna wanaokamata kirusi mlangoni na kukimbia nacho mpaka kwenye tezi, walikojaa askari wengine, ili adui atambuliwe. Kumbe huko ndiko kirusi kinakohama kutoka kwa askari mmoja hadi mwingine.

"Yaani kinabebwa na askari mwenyewe?" dada mtu aliuliza.

"Tena kwa nia njema kabisa. Dawa ndizo zinazokizuia kuenea. Akiziacha, tutampoteza."

Mchana dada mtu alipita karakanani kumtazama mdogo wake. Hakumkuta. Fundi mwenzake alivua miwani ya kuchomelea.

"Pole, dada. Jana tulikuwa tunajiuliza mbona jamaa anakonda hivi. Leo ndiyo nimesikia."

Dada mtu alimsogelea. "Umesikia kwa nani?"

"Kwa mama wa chai. Na mdogo wako katukuta tunaliongea. Kaondoka bila kuaga."

Alimpigia simu. Imezimwa. Akapiga tena, imezimwa. Mama wa chai, mwenye kibanda pale getini, hakumzungusha: "Kaniambia wifi yako."

Nilijua! Dada mtu alitoka mbio, kandambili moja ikakatika njiani, akaiacha hapohapo. Alimkuta wifi palepale jikoni, macho mekundu.

"Ndiyo, nilimwambia," wifi alisema kabla hajaulizwa. "Nilitaka awe anamwongezea uji, mtoto wa watu asiishe. Nimekosa, wifi yangu."

"Na wewe kakwambia nani? Daktari? Nesi? Nitajie jina nikamshike koo!"

Wifi alimkodolea macho, kama hakuelewa swali.

"Si wewe? Mimi nilikuwa sijui lolote mpaka uliponiingilia hapa asubuhi."