Maji ya Kwanza

Siku hizo kila sebule ilikuwa na mashine ya kuchonga chuma, na maji ya kwanza ya asubuhi yalikuwa ya kuipozea. Nyumba iliyochelewa ilishtakiwa na mashine yake yenyewe, ikafungiwa mfereji.

Mwanamvua alizoa mabaki ya chuma yaliyojisokota tumboni mwa mashine, taratibu, kama anayefumua nywele za mtoto.

"Mimi hujanishika hivyo tangu harusi," mumewe alimtania.

"Wewe huchongi hata kijiti, Baba Rehani."

Lakini asubuhi hiyo mfereji ulitoa ndoo moja tu, na Rehani alikuwa akiungua kwa homa. Mwanamvua alisimama na ndoo mkononi, asijue aipeleke wapi.

"Mpanguse mtoto," mashine ilisema kwa upole. "Sitamwambia mtu."

Aliishukuru. Kitambaa kilipogusa paji la mwanawe ndipo alipojiuliza ni mangapi mengine mashine ile ilikuwa imeyaona na kuyanyamazia.