Anayempikia Atoke

Sufuria ya Kananu ndiyo iliyotangulia kutoka. Iliruka mlangoni, ikagonga shina la mparachichi, githeri yote, mahindi kwa maharagwe, ikamwagika kwenye vumbi. Nyuma yake ukafuata mwiko, kisha ungo, kisha kikapu cha nguo za watoto.

"Leo unarudi kwenu!" Kaberia alifoka. "Umemlisha ndugu yangu sumu, sasa toka!"

Kananu hakutoka. Alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, wengine wawili wakiwa wameishika sketi yake, na machozi yaliyokuwa yakimtoka yalikuwa ya hasira tupu.

"Watoto nimwachie nani? Tangu niolewe nakula na mume wangu sufuria moja. Mbona mimi siumwi?"

"Kwa sababu unajua upande ulioweka sumu!"

Jamani, kuna watu wakishapata neno la kusema hawaliachi. Ukoo wote ulikuwa uani, wazee kwenye viti, wanawake kwenye nyasi, wote wakitazama tu. Mithika, mgonjwa mwenyewe, alikuwa amejikunja kwenye kiti, mikono tumboni, akimtetea mkewe kwa sauti ambayo haikufika popote. Mwaka ule wa 1996, katika boma lile juu ya mji wa Laare, mwanamume akitapika damu watu hawakuuliza ana ugonjwa gani. Waliuliza anapikiwa na nani.

Kaberia ndiye aliyekuwa mkubwa, na kwa kuwa baba yao alishafariki, neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Mke wake mwenyewe alimkimbia kwa ajili ya mdomo huo huo. Tangu hapo alikula kwa mama yake, Ciakuthii, na hata huko ilikuwa kugomba kila siku. Vijiko vitatu, anasukuma sahani. Eti chakula kimechacha. Eti nyama inanuka. Mama wa watu anaichukua sahani, ananyamaza, kesho anapika tena.

Gari la hospitali likaingia uani. Akashuka Daktari Njuki, kijana wa Embu, yule aliyekuwa akichunguza matumbo ya watu wa milima ile.

"Umekuja wakati mzuri," Kaberia alisema, akikaza mshipi wake kwenye tundu jipya alilotoboa kwa msumari. "Vile vipande mlivyokata tumboni vimejibu?"

"Vimejibu, mzee. Lakini ningeomba tuzungumze wawili kwanza, pale kwenye gari."

"Wawili wa nini? Mimi ndiye niliyemleta huyu kwako. Alipoogopa kumeza ule mpira wenu wa kuchungulia tumbo, nani alitangulia? Mimi! Mkanikata kipande ili mkalinganishe tumbo zima na bovu. Nililia? Basi sema hapa hapa. Ni saratani?"

Daktari aliwatazama watoto, kisha akamtazama Kananu.

"Mzee, nakusihi. Twende garini."

"Ni saratani, si saratani?"

"Saratani tumeipata," Njuki alisema polepole. "Lakini..."

Hakumaliza. Wanawake walipiga yowe. Kananu aliketi chini, na Kaberia akamnyooshea kidole.

"Mmesikia? Sasa daktari, waambie aliiweka na nini!"

"Hakuna aliyeiweka!" Sasa hata daktari alikuwa amepandwa na hasira. "Mwili ni seli, vijichembe visivyohesabika, na kila seli hupewa amri: kua, tulia, zeeka ufe uwapishe wengine. Amri hizo hupelekwa na protini. Kwenye saratani hii protini zimeharibika. Zinapiga kelele mchana na usiku, kua, kua, usife, na wala hakuna aliyezituma. Seli zinatii. Ndivyo uvimbe unavyokua, na ndivyo unavyokataa kufa. Kipande kile kimejaa protini hizo."

"Protini?" Kaberia alicheka kwa ubaya. "Hata mtoto wa darasa la nne anajua protini ni nyama na maharagwe. Wazee, daktari mwenyewe amesema imetoka kwenye chakula!"

"Sikusema hivyo!"

"Umesema!" Kaberia alisimama katikati ya uwanja, mkono juu. "Basi nasema mbele ya ukoo, na neno hili halirudi. Mwenye saratani amelishwa na anayempikia. Anayempikia atoke bomani leo, asionekane tena hapa. Nani anapinga?"

Wazee walitazama fimbo zao. Waoga wakubwa!

"Kaberia, mwanangu," Ciakuthii alisema, "mwache daktari amalize."

"Nyamaza, mama. Hukumu imeshatoka."

Kananu alianza kuokota nguo za watoto.

"Ziache hizo nguo," daktari alimwambia. "Mzee, nilitaka kukwambia faraghani, ukakataa. Nikakuomba tena, ukakataa. Mithika ana vidonda vya tumbo. Atameza dawa na atapona. Saratani tumeikuta kwenye kile kipande chako cha kulinganisha."

Mkono wa Kaberia ulishuka kwenye tundu jipya la mshipi.

Ciakuthii aliinuka taratibu, akaingia jikoni kwake, akatoka na sufuria yake, akaiweka chini ya mparachichi karibu na ile ya Kananu.

"Nitoke sasa hivi, mwanangu," akauliza, "au nikupikie cha leo kwanza?"