Amplifaya ya Wiki Tatu

Mara ya tatu mzee alikuja tena bila gitaa. Aliweka kiganja juu ya amplifaya, akafumba macho, akakaa hivyo kama mtu anayempima mtoto homa, kisha akatikisa kichwa.

"Bado," alisema. "Ilikuwa nzima, mwanangu. Umeitengeneza ndiyo ikaharibika."

Benchi zima la dukani kwa fundi Sikio lilimgeukia, na benchi hilo halikukosa watu. Kinyozi wa mlango wa pili alishinda hapo wateja wake wakichelewa. Shemeji yake Sikio, dada wa mkewe, alipita kila asubuhi kusalimia kwa dakika mbili, akaondoka jioni. Habari yoyote ya mtaa ilianzia hapo, au ilipita hapo kuongezewa chumvi.

Sikio mwenyewe hakuitwa hivyo kwa ukubwa wa masikio. Alikuwa fundi wa amplifaya za zamani, zile za valvu, vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama taa. Ukimpigia noti moja tu anakwambia ni valvu ipi inaumwa. Hakuna mteja aliyewahi kumrudishia kazi. Sasa huyu karudi mara ya pili kulalamika, na mbele za watu.

Na kazi yenyewe alikuwa ameipenda. Mzee aliileta kwa sababu ya waya mmoja ulioungua. Fundi mwingine angeunga waya, basi. Sikio aliona boksi linachemka mno, akalionea huruma. Akatoboa matundu nyuma, akafunga kifeni, akazipunguzia valvu umeme ili zisichoke mapema. Likatoka baridi kama mtungi, sauti safi, hata kinyozi asiyejua muziki aliacha kichwa cha mtu nusu akaja kusikiliza.

Siku ya nne, mzee huyo. Sikio akadhani ni spika, akaweka mpya. Siku ya tano, ndiyo hii ya leo, huyo tena.

"Spika haina neno," alisema mzee. "Hata ukiitoa kabisa sitakulaumu."

Kinyozi alimkonyeza Sikio. "Huyu anasikiliza kwa mkono," alinong'ona. "Leo umepata mwenzako."

"Mzee wangu, hebu nieleze," alisema Sikio. "Unataka nini hasa?"

Mzee alifungua mdomo, akatupia benchi jicho, akamwona shemeji keshasogeza kiti, akayameza maneno yake.

"Nataka iwe kama ilivyokuwa. Iwake wiki tatu, usiku na mchana, bila kuzimwa hata mara moja."

"Mazoezi ya wiki tatu," alisema shemeji. "Wapigaji ndio hao sasa. Siyo hawa wenu, sherehe mbili tu vidole vimevimba."

"Mtakuwa wangapi?" kinyozi akauliza.

"Natarajia kumi na wawili, Mungu akipenda. Jumapili ya mwisho wa mwezi." Mzee alimgeukia Sikio. "Ikishindikana safari hii sina lawama, mwanangu. Nitampelekea yule fundi kijana wa ng'ambo ya barabara."

Hapo ndipo palipomchoma. Huyo wa ng'ambo alijifunzia kazi dukani humohumo, akatoka bila kutofautisha gitaa na mlango unaotaka mafuta. Mzee akivuka barabara na lile boksi, kabla ya jioni mtaa mzima ungejua, na wa kwanza kuutangazia angekuwa shemeji. Sikio angebaki na masikio mawili kama kila mtu.

"Nipe mpaka saa kumi," alisema.

Aliibomoa kazi yake kwa mikono yake. Kifeni akaking'oa. Matundu akayaziba kwa mbao. Valvu akazirudishia umeme wake wote, boksi likaanza kuchemka kama zamani. Alipolijaribu kwa gitaa lake, sauti ilitoka nzito, ya mtu mwenye mafua. Kwa aibu alitamani mzee asirudi.

Saa kumi kamili mzee aliweka kiganja, akafumba macho. Ikapita dakika moja. Ikapita ya pili. Kinyozi akasahau mteja kitini. Kisha mzee akatabasamu, mara ya kwanza tangu wamjue.

"Hapohapo. Usiguse kitu."

Wiki tatu zile Sikio hakuwa na raha. Fundi mzima, miaka ishirini kazini, na kuna kitu kwenye yale mafua amekisikia mzee, yeye hajakisikia. Benchi likakaa kikao, likapitisha kwamba kusubiri kualikwa ni kujichelewesha.

Jumapili ilipofika wakatoka watatu. Kinyozi alikuwa amejinyoa mwenyewe, jambo la nadra. Shemeji alibeba kiti chake, asije akakosa pa kukaa. Lakini nje ya nyumba ya mzee hapakuwa na watu, wala viatu mlangoni. Sikio alitega sikio kwenye mlango. Hakusikia hata noti moja.

"Imekufa," alisema. "Siku yenyewe, imemfia mikononi."

"Tuondoke kabla hajatuona," alisema kinyozi.

"Muondoke mwende wapi?" alisema shemeji, na alikuwa keshabisha hodi.

Mzee alifungua, kidole mdomoni, macho yanamng'aa.

"Ingieni taratibu," alinong'ona. "Watatu tayari. Wengine wako njiani."

Amplifaya ilikuwa imelazwa chali juu ya meza, inawaka, spika imeng'olewa. Kwenye tundu la spika palikuwa na sweta kuukuu, juu ya sweta mayai tisa, moja linatikisika, na vifaranga watatu ambao hawajakauka vizuri, wameikodolea macho valvu kubwa kama watoto wanaomtazama mama yao.