Tumbawe la Bi Raya

Kisiwani Bonaire, huko Karibi, kila mgeni hupanda tumbawe lake. Likifa kabla ya miaka saba, mwenyewe hagusi tena maji ya bahari yoyote. Mwaka wa saba Bi Raya alirudi na mumewe, Shaali, wakangoja ufukweni mpaka mkaguzi wa matumbawe alipoibuka majini.

“La mama li hai, tena limejaa samaki!”

Bi Raya akapiga kigelegele. “Si ulisema mkono wangu unaua hata mchicha?”

“Nimeshindwa, mke wangu. Na langu je?”

Mkaguzi akatikisa kichwa.

“Nenda,” Shaali akasema, akipokea kanga ya mkewe. “Uogelee na fungu langu.”

Bi Raya akajitosa, akayachapa maji kwa vicheko kama kigori. Kila alipogeuka, mumewe alikuwa amerudi nyuma hatua nyingine, wimbi lisije likamgusa.