Kichupa cha Rangi ya Kucha

"Mwenzangu, rangi ya kucha yote hiyo unampaka nani?"

Jirani yake mshonaji ndiye aliyemuuliza hivyo mke wa fundi baiskeli, siku walipokutana kwenye duka la vipodozi. Alikuwa na haki ya kuuliza. Mke wa fundi ni mtu wa sala, kucha zake fupi na kavu, na hapo alikuwa ameshika vichupa viwili vya rangi nyekundu, ile ya damu ya mzee.

"Waya za breki," alijibu.

Mshonaji alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini ndiyo kweli yenyewe. Ncha ya waya wa breki ikiachwa hivi hivi hufumuka na kuchoma vidole. Mafundi wengine huivisha kikofia cha bati. Mumewe huikunja mara mbili kama ndoano, huichovya kwenye rangi ya kucha, kisha huipuliza mpaka ikauke. Alianza tangu wakiwa wachumba, kwa kichupa alichomwomba yeye, na mkono wake haukujifunza njia nyingine. Baiskeli isiyochovywa, husema, haijavaa nguo.

"Na hao wateja wenyewe wako wapi?" mshonaji aliuliza akijifuta machozi.

Mke wa fundi alilipia vichupa vyake akatoka.

Wateja walikuwa kwenye duka kubwa la barabara kuu, lile linalouza hata kwa simu: bonyeza leo, kesho sanduku liko mlangoni. Lakini walipitia kwanza kwa fundi. Walipanda, walipimwa kimo cha kiti, waliuliza habari za gia, walipiga picha, wakasema watarudi. Wakishatoka, mke wa fundi alichukua kitambaa na maji ya sabuni akasugua kiti walichokalia. Mumewe alimwambia wale watu hawana ukoma.

"Wana uso mkavu," alijibu, "nao unaambukiza."

Na baiskeli zenyewe za huko! Zilikuja kutengenezwa zikinuka mpira mbichi, uma wa mbele umefungwa nyuma mbele, breki zinashika hewa. Alipoiona ya kwanza alitoka nje akatema mate. Akabandika karatasi mlangoni: BAISKELI ZA DUKA KUBWA HATUZIGUSI. Akamwapisha mumewe mbele ya kiongozi wao wa sala, kwamba hata akifa njaa hatazishika. Na mdogo wake, wa tumbo moja, alipomnunulia mwanawe baiskeli kule, mke wa fundi hakukanyaga tena kwake. Ulikuwa mwaka sasa. Mdogo mtu alituma salamu, alituma watoto, akachoka.

"Nikila kwake," alisema, "ni kama natafuna duka la mume wangu."

Mungu naye aliona. Miezi ya karibuni wale waliokuja kulia mlangoni na baiskeli mbovu walikuwa wamepungua. Alijua ile karatasi imewatia aibu.

Shida iliyobaki ilikuwa mgongo wa fundi. Kila Jumanne na Alhamisi alitoka alfajiri kwenda kuchuliwa, akarudi mchana amechoka kuliko alivyoondoka.

"Huyo mchuaji anakuchua au anakulimisha?"

Fundi alicheka kidogo, akaomba maji.

Alhamisi moja, fundi akiwa ndiyo kwanza ameingia, muuguzi wa zahanati alifika akisukuma baiskeli mpya ya bluu, gurudumu la nyuma limelala chini. Mke wa fundi alimtambua. Huyu alishapimwa hapa mara tatu.

"Shikamoo mama. Nimepata msumari njiani."

"Marahaba. Karatasi umeisoma?"

"Nimeisoma, mama. Lakini zamu yangu inaanza saa nane."

"Lete niizibe," fundi akasema haraka, mkono umeshanyooshwa.

Mkewe akaweka mguu mbele ya gurudumu. "Uliapa."

Fundi akaurudisha mkono.

"Kwanza nimwonyeshe alichonunua. Njoo, binti yangu, uone uchafu."

Akaipindua baiskeli miguu juu. Akaanza na uma wa mbele. Ulikuwa umekaa sawa. Akazungusha gurudumu, akasogeza jicho karibu na ringi: lilizunguka bila kuyumba hata unywele. Akajaribu nati moja moja. Zote zimekaza, na hakuna iliyochubuliwa. Akabana breki, ikashika taratibu, kama mkono wa mtu. Hata ubaya wao sasa walikuwa wanauficha.

"Aliyeifunga ana mkono," muuguzi alisema kwa upole. "Sikumwona, wanafungia stoo. Nimeichukua asubuhi hii hii."

"Mkono gani? Wale ni wapakuaji mizigo. Wanafunga baiskeli kama wanafunga kuni."

"Mama watoto," fundi akasema, "mwache aende."

"Sijamaliza."

Alikuwa amebakiza kitu kimoja, na hicho alijua hakikosi. Akainama kwenye breki ya nyuma, akapitisha kidole kwenye ncha ya waya ili achomwe, amwonyeshe yule binti damu.

Hakuchomwa.

Akainama zaidi. Ncha ilikuwa imekunjwa mara mbili, kama ndoano, na ilikuwa na rangi ya damu ya mzee.

Akaisimamisha baiskeli, akampisha mumewe. Akaenda kwenye rafu, akachukua kichupa alichokinunua Jumatatu, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa kimebaki robo. Akakiweka katika kiganja cha mumewe, akamfumba vidole kimoja kimoja. Kisha akautoa mtandio wake kwenye msumari, akajifunga, akatoka, akashika njia ya kwa mdogo wake.