Kidole cha Lorine

Hapa Kitengela walikuwa wanasema ati kompyuta ikiongezwa nafasi ya kuweka faili humeza vitu vya watu. Nilicheka, lakini hayo maneno hayakunitoka.

Mwaka wa 2008 nilimpelekea binti yangu Lorine chakula kwa kliniki alikoandikwa kazi. Alikuwa akichunga kompyuta moja ya kuigizwa, ile inayoendeshwa kama programu ndani ya nyingine, na diski yake ilikuwa imejaa faili za wagonjwa.

"Bosi, wacha nitoe kopi kwanza," akamwambia mkubwa wake, aliyesimama nyuma yake akitaka nafasi iongezwe.

"Kopi ya nini? Hiyo kazi ulisomea jikoni? Ongeza!"

Akaongeza. Nafasi mpya ikatokea tupu kando ya ile ya zamani. Ilibaki kuifomati hiyo mpya, yaani kuipangusa ianze kutumika. Bosi akamwinamia, akaufunika mkono wake pale kwa mausi, akausukuma hadi kwa ile nafasi ya zamani.

"Ngoja, hiyo ndiyo iko na faili za watu!" Lorine akasema.

Kidole cha msichana wangu kilikuwa na mafuta ya chapati yangu. Bosi akakikandamiza mpaka ukucha ukawa mweupe.

Faili zote zikaisha.

"Mmeona?" akawaambia wafanyakazi wengine waliokuwa hapo. "Ni kidole chake." Akaita askari wa geti amtoe Lorine nje.

Wazazi, waambieni watoto:

Usiongeze diski bila kopi.
Usifomati ukiwa unakaripiwa.
Usikubali mtu akushike mkono.