Dirisha la Zohara

Zohara alikuwa akiwasha mshumaa wa mwisho wa Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi ya taa, dirishani alipowaona mtaani: maofisa wawili wa jeshi na daktari mwenye mkoba, wakimulika namba za nyumba kwa tochi. Kila mtu anajua wageni hao huleta habari gani. Mwanawe yuko vitani.

Akaipuliza mishumaa yote. Nta ya moto ikamrukia kidoleni, ikaganda.

“Una wazimu, mke wangu?” mumewe akafoka, andazi mdomoni. “Si tunaiweka hapo wapita njia waione?”

“Ndiyo maana nimeizima. Nyamaza!”

Kule chini jirani yao, mtu wa kelele siku zote, aliwajibu maofisa kwa upole: “Kwa kina Zohara? Ni pale penye giza. Sisi wengine wote tumewasha.”